Sentimita Nne za Punje

Ghorofa ya nne, 9 Januari

Dada yangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mashine zako zote mbili zinakimbia bila kukata uzi. Shemeji amerudi safari, au bado yuko barabarani na lori lake? Mwambie lile koti alilolicheka siku naondoka, akisema nimevaa godoro, sasa nalala nalo. Mimi sijambo. Chumba ni kilekile: kitanda, meza, na dirisha linalotazama ukuta wa jengo la pili. Jirani wa juu huburuta viti kila asubuhi. Wengine wanamlalamikia, mimi nabaki kitandani nasikiliza, maana kelele zile zinafanana kidogo na cherehani yako ikianza kazi. Miaka mitano sasa. Nicheke ukitaka.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu uliniambia simu ya dukani ina masikio. Wateja wanasikiliza, na Punje naye hujifanya anaokota vifungo chini ya meza. Hili nataka ulisome peke yako kwanza.

Majibu ya damu ya Punje yametoka. Daktari wa watoto wa hospitali ya huku, aliyeipima kwa ruhusa yako, aliniita akanieleza. Dada, homoni ya kukua mwanao anayo. Anayo nyingi kuliko watoto wengine. Inatumwa vizuri, inafika vizuri, ila haipokelewi.

Kazi yangu unaijua. Huwaambia wateja kwamba mdogo wako anapiga picha za vitu visivyoonekana, na hukosei sana. Seli za ini zina vipokezi, yaani protini zilizosimama kwenye utando wa seli, kichwa nje, mkia ndani. Protini ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo, nao hujikunja wenyewe mpaka upate umbo, na umbo ndilo linaloamua utafanya kazi gani. Homoni ikifika, inaingia katikati ya vipokezi viwili na kuvishika kwa pamoja. Vinageuka kidogo, mikia yao kule ndani inaamshana, na ini linajua kwamba limeitwa. Hapo hutoa ujumbe wa pili, na huo ndio unaoiambia mifupa irefuke. Kwa Punje, kipande kimoja cha kipokezi kimebadilika. Kimoja tu kati ya mamia, lakini kwa ajili yake mnyororo unajikunja vibaya, na pale homoni inapotakiwa kushika hapashikiki. Ni kama shati ambalo mkono wake umezibwa kwenye kiwiko. Hata ukisukuma namna gani, hupiti.

Ndiyo maana sindano za homoni za daktari wenu hazijasaidia. Simlaumu, dalili zinafanana. Lakini mnamwongezea kitu alichonacho tele.

Dawa ipo. Ni ule ujumbe wa pili wenyewe, unaodungwa bila kupitia kwenye kipokezi kibovu. Hospitali hii inachukua watoto wachache. Itabidi aje akae na mimi, mwaka mmoja kwa uchache, pengine miwili, maana dawa inashusha sukari na lazima aangaliwe na watu wanaoijua. Wala hatuwezi kungoja sana, kwa sababu mifupa ikishafunga haifunguki tena. Nafasi yake wataishika mpaka mwisho wa Septemba.

Najua ninachokuomba. Nijibu ukitulia.

Mdogo wako


Dukani, 20 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu za huku, nyingi kuliko nafasi ya karatasi. Sisi wazima, ila goti langu la kulia limeanza kulalamika kila nikisimama, nami nalijibu kwa kukaa. Shemeji yako alirudi, akalala siku mbili, akaondoka. Habari ya koti nilimpa, akalicheka upya.

Usidhani posta wamechelewa. Barua yako ilifika mapema, nikaisoma, nikaikunja, nikakaa nayo.

Mfano wa shati nimeuelewa, na ndio ulioniuma. Ingekuwa shati ningelifumua. Sasa niambie ukweli, hiyo kasoro kaitoa wapi? Kwangu au kwa baba yake? Mama mkwe ameshatoa hukumu siku nyingi, eti mwanamke anayeinamia mashine kutwa lazima azae mtoto mfupi. Nilimjibu kwamba kwa hesabu hiyo watoto wa dobi wote wangezaliwa wamenyooka. Hatujasemeshana, hii ni wiki ya tatu.

Bado namshonea magauni yenye pindo nene. Kila mwaka nasema, akirefuka nitalishusha. Lile la njano amelivaa hadi kitambaa kimechanika kwapani, na pindo lake bado jipya kama nililikunja jana. Juzi nilipompima machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi la chaki. Punje alikuwa ananitazama tu. Ana miaka tisa, mdogo wangu, anawaongoza wenzake wote darasani na ulimi amerithi wangu. Watoto wa jirani wanambeba mgongoni bila kumwuliza, na amechoka kubebwa.

Kuhusu kuja huko, wewe una chumba kimoja na kitanda kimoja. Tuongee mengine.

Dada yako


Ghorofa ya nne, 11 Machi

Dada,

Pole na goti, pole na mama mkwe. Huku baridi imeanza kupungua, na mkuu wetu wa maabara amepata mjukuu, hivyo wiki nzima hafokei mtu.

Uliuliza kasoro imetoka wapi. Haikutoka kwako peke yako wala kwa shemeji peke yake. Kila mtu ana maelekezo mawili ya kutengeneza kipokezi hiki, moja la mama na moja la baba. Wewe unalo moja zima na moja bovu, na lile zima limekutosha maisha yako yote bila wewe kujua. Shemeji ni hivyohivyo. Punje aliangukiwa na mabovu yote mawili. Huenda na mimi ninalo moja. Hakuna aliyekosa.

Siku hizi kazini nikipata nafasi naliweka umbo la kipokezi hicho kwenye kompyuta, kizima upande huu na kibovu upande ule, na kuvizungusha polepole. Tofauti ni kona moja iliyolegea. Naitazama kona ile mpaka macho yanauma, nikifikiri kwamba hiyo tu ndiyo inayomzuia mtoto wetu kufikia komeo la juu la mlango.

Na kitanda kisikusumbue, nimeshanunua kingine. Kidogo, cha mbao, kimeingia vizuri chini ya dirisha. Nimekitandika shuka lenye picha za samaki.

Mdogo wako anayekukumbuka


Dukani, 2 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Hongera kwa kitanda. Wengine hungoja mtoto kwanza. Na hilo la "mtoto wetu" nimeliona, nimeliacha lipite.

Sasa kaa chini. Punje amekua! Jumapili nilimsimamisha mlangoni nikampima kwa futi yangu. Mwezi wa kwanza alikuwa tisini na sita, sasa ni mia kamili. Nikadhani ni macho yangu. Nikapima mkono: ulikuwa thelathini na tano, sasa thelathini na tisa. Nikapima hata kichwa, maana nilitaka kumshonea kofia: kilikuwa hamsini, sasa hamsini na nne! Sentimita nne kila ninaposhika. Nilipiga kelele hadi mwenye duka la pili akaja na fagio akidhani nimeona nyoka. Nikamkumbatia naye, fagio na yote.

Mwaka huu una neema, maana hata wateja wamenawiri. Mwalimu mkuu, yule mkavu kama kuni, kiuno kimeongezeka. Muuza maziwa naye kifua kimepanuka. Nimewaambia wake zao waache kuwalisha, nitaishiwa vitambaa.

Basi sindano zimekubali. Mwambie daktari wako asitushikie nafasi, ampe mwenye shida. Hicho kitanda kiuze.

Punje anakusalimu. Amekuwa mkimya kidogo, nadhani ni kukua.

Dada yako mwenye furaha


Ghorofa ya nne, 24 Mei

Dada yangu,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, sijavua viatu. Nimeisoma tena na tena. Sikumbuki lini uliniandikia ukiwa na raha namna hii.

Nina ombi moja. Kabla ya kuachia nafasi, mpeleke Punje zahanati wampime kwenye ile mbao ya ukutani. Futi yako iache nyumbani. Usiniulize kwa nini, niandikie tu namba watakayokupa.

Mwambie Punje mama yake mdogo anampenda, kwa urefu wowote.

Mdogo wako


Dukani, 15 Juni

Kwako,

Futi hii ndiyo iliyokusomesha. Imekaa shingoni mwangu tangu ukiwa huwezi kujifunga viatu. Nilipokushonea sare ya sekondari kwa futi hii hukuniambia niende zahanati.

Wasalimie huko.

Dada yako


Ghorofa ya nne, 28 Julai

Dada,

Sijui kama utaifungua hii. Sina habari kubwa. Nimepata mafua na yameisha. Jirani wa juu amehama, na sasa asubuhi ni kimya mpaka naamka kabla ya saa yangu kulia.

Dada, nakukumbuka hadi inauma, na sioni haya kulisema. Nakumbuka harufu ya mafuta ya mashine kwenye vidole vyako ukinisuka nywele. Nakumbuka ulivyokuwa ukishika pini mdomoni na bado unanigombeza, na kila neno nalisikia. Huku hakuna anayenigombeza. Watu ni wapole, wananiuliza hali yangu bila kungoja jibu.

Nafasi bado ipo. Sitasema zaidi. Niandikie hata kunitukana.

Mdogo wako


Dukani, 20 Agosti

Mdogo wangu,

Leo sina salamu za kupanga. Tuko hai.

Zahanati walinipa kazi ya sare za wauguzi. Nawashonea kila mwaka, vipimo vyao viko kichwani, kwa hiyo sikusumbuka kumpima mtu. Nilikata, nikashona, nikapeleka. Hakuna hata moja iliyofunga vifungo. Muuguzi mkuu alisimama mbele yangu tumbo limekataa, nikamwambia kwa upole kwamba amenenepa. Akaniuliza, "Fundi, sote kwa pamoja?"

Nilirudi nikailaza futi yangu kando ya rula ya chuma ya seremala. Inaanzia nne. Kipande cha mwanzo kimekatwa, na kile kibati cha kwenye ncha kimerudishwa na kushonewa kwa uzi mweupe, mishono midogo imelala sawasawa. Mshono ule naujua, niliufundisha mwenyewe.

Nilimwita Punje, wala hakukana.

"Ulikuwa unalia kila ukinipima," akasema. "Nikaona bora nipunguze futi."

"Na ukaniacha nicheze ngoma mbele ya mtaa mzima?"

"Ulikuwa unacheka, mama. Nikaogopa kukuambia."

Nikamwuliza kama kuna lingine. Akatazama chini, akasema, "Nilisoma barua ya mama mdogo. Nilifikiri nikirefuka hutanipeleka." Halafu akaniuliza, "Sasa utanipeleka?" Nikamwambia akaoge.

Jana nilimpeleka zahanati bila futi, kama ulivyotaka. Tisini na sita. Haijaongezeka hata nusu.

Uliniambia niache futi nyumbani, kwa hiyo ulijua. Ulijua tangu Mei ukanyamaza. Kwa nini?

Na nitalisema lililonikaa kooni tangu ulipoandika "mtoto wetu". Wewe huna mtoto. Unacho kitanda chenye samaki. Naogopa atatoka hapa mfupi akinijua, atarudi mrefu hanijui, na nikimwuliza kitu atakutazama wewe kwanza kabla ya kunijibu. Usiku mzima nawaza hilo, si mifupa yake. Nimelisema. Ukitaka kukasirika, kasirika.

Dada yako


Ghorofa ya nne, 3 Septemba

Dada yangu,

Sikukasirika. Nilikaa kwenye ngazi za jengo nikalia, halafu nikacheka habari ya muuguzi mkuu, halafu nikalia tena. Mlinzi aliniletea maji.

Ndiyo, nilijua. Kichwa cha mtoto wa miaka tisa hakiongezeki sentimita nne kwa miezi minne, na mwili haukui kwa kipimo kimoja kuanzia kichwani hadi mkononi, seuze mwalimu mkuu akue nao. Sikukuambia kwa sababu ni mtu mmoja tu nyumbani kwako ambaye angeweza kufika kwenye futi hiyo, na sikutaka kumchongea. Ningeweza kuishia hapo, lakini ukweli una kipande kingine. Ulikuwa na furaha, Dada. Nilishindwa kuwa mimi wa kuizima. Nimempotezea Punje karibu miezi mitatu kwa woga huo, na hilo linanikosesha usingizi.

Sasa lile la kooni. Ni kweli namtaka. Nataka kusikia mtu akigombana na soksi zake asubuhi. Nataka kupika chakula cha mtu wa pili. Nilipotandika lile shuka niliketi chini nikalitazama kama mjinga. Siwezi kukudanganya kwamba sina tamaa hiyo.

Lakini mimi mwenyewe nililelewa na mtu ambaye hakuwa mama yangu. Mama alipokufa wewe ulikuwa msichana bado, ukanichukua, ukanilisha, ukanichapa, ukanisomesha. Nilikupenda kuliko watu wote. Na bado sikuacha kumlilia mama. Mtoto hasahau, Dada. Mimi nisingeweza kumsahaulisha Punje hata kama ningekuwa na roho hiyo.

Daktari anataka jibu wiki ya mwisho ya mwezi. Sitaandika tena mpaka uamue. Ukikataa, nitabaki mdogo wako.

Mdogo wako


Nyumbani, 24 Septemba

Mdogo wangu,

Safari tumeshaipanga kwa simu, ila barua hii anayo Punje. Mhudumu wa ndege atamkabidhi kwako pamoja na begi moja la bluu. Nimeifunga bahasha kwa cherehani, mishono miwili. Ukikuta uzi umekatwa, ujue ameshaisoma, na umgombeze kwa niaba yangu.

Tu wazima. Shemeji yako ameegesha lori wiki nzima, anazunguka nyumbani akirekebisha vitu visivyoharibika. Mama mkwe amekuja kuaga, akakaa, akasahau kwamba hatusemeshani.

Sasa sikiliza. Usimbebe. Hata ngazi zikiwa ndefu, hata akichoka, mwache apande mwenyewe na wewe upunguze mwendo. Usimchagulie nguo. Akinyamaza sana, ana njaa au amefanya jambo. Umesema dawa inashusha sukari, basi hakikisha amekula kabla ya sindano, na ukae naye mpaka amalize, maana ana ujanja wa kuficha mkate mfukoni. Anajua kwa nini anakuja. Nilimweleza kipokezi kama ulivyonieleza mimi, akaniuliza maswali ambayo sikuyaweza, nikamwambia amwulize mwenye picha.

Alijipima mwenyewe leo kwa futi mpya, akaandika namba kwenye kiganja. Hakunionyesha. Akaniambia, "Nikirudi usinipime kwanza, nisalimie kwanza." Nilimwahidi, nikaingia chumbani nikafunga mlango.

Sijui nitafanya nini kesho nikifungua duka. Nimezoea kuongea na mtu aliye chini ya meza.

Umeandika kwamba hukuacha kumlilia mama. Hujui yote jinsi ulivyokuwa. Mwaka ule wa kwanza tulikuwa tunalala kitanda kimoja, nawe ulikuwa unaita usingizini, "Mama, mama." Mimi sikujua la kufanya. Nilikuwa na kiu ya kumwita mimi pia. Lakini sikukuamsha kukuambia kwamba hayupo. Nilikuwa naitika, "Nipo," unageukia ukutani, unalala.

Punje naye ataita. Akiita, usimweleze kwamba niko mbali.

Itika.

Dada yako